Kiinua Mgongo cha Mkewe

Kwa miaka thelathini na sita alifanya kazi ya kuinama. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na mita za maji, kama hujawahi kuzitafuta, hukaa chini: ndani ya kisanduku cha zege, chini ya kifuniko cha chuma, mara nyingi nyuma ya banda la kuku au katikati ya maua ya mwenye nyumba. Alipiga goti, akainua kifuniko, akafukuza mende, akapangusa kioo kwa kidole gumba, akaandika namba kwenye daftari. Halafu nyumba ya pili. Watu wakamwita Mita, naye akaitika.

Mkewe alikuwa mkunga katika hospitali kubwa ya mji. Watoto wengi waliokuwa wakimpigia Mita kelele barabarani walikuwa wamepokelewa na mikono ya mkewe, na mama zao walimwita Sista, kwa heshima zote, hata wakimkuta sokoni amevaa ndala akichagua nyanya. Mita alilijua hilo na lilimkera kidogo. Si sana, maana alikuwa na dawa yake: mshahara wake ulizidi wa mkewe. Tofauti yenyewe haikuwa ya kumtia mtu kiburi. Ilikuwa ni posho ya kutembea kwa miguu tu. Lakini kila mwisho wa mwezi, mkewe akishavua viatu, Mita alimuuliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Mwezi huu umepata ngapi, mama watoto?" Akijibiwa, alitikisa kichwa polepole, akasema, "Si haba," na jioni hiyo chakula kilimpanda.

Alimzidi mkewe miaka minne. Alianza kazi mbele yake, akavaa miwani mbele yake, akaota mvi mbele yake, na kila alipotangulia aliona ndivyo inavyopaswa. Hata kustaafu alitangulia, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Siku ya kuchukua barua ya mafao alivaa koti. Alikuwa amepiga mahesabu miaka kumi: kwa kiinua mgongo chake angejenga vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba, na kodi yake ingemlisha uzeeni. Barua ilikuwa na mistari mitano. Mstari wa nne uliandikwa "Kodi ya mapato", na mbele yake palikuwa na tarakimu iliyomfanya avue miwani, aipanguse, aivae tena.

"Hapa hamjakosea?" alimuuliza karani wa dirishani, mama mmoja mnene aliyekuwa akitafuna karanga.

"Hatujakosea, mzee. Kila mtu anakatwa. Hata mimi zamu yangu ikifika nitakatwa."

Vyumba viwili vikaisha na kupata wapangaji. Cha tatu kikaishia usawa wa dirisha, bila paa, nyasi zikaota ndani. Cha nne hakikuanza. Majirani walipata cha kusema: vile viwili ni vyumba vya kodi, walisema, lakini hiki cha tatu ndicho cha kodi hasa, maana kodi ndiyo iliyokila. Mita alicheka nao. Kicheko chake kilikuwa kikavu kama mchanga.

Siku ile Sista alisoma barua yote, akaikunja, akamwekea mumewe mkono begani. "Pole, baba watoto. Wamekunyonya kweli."

Pole hiyo ilimpoza. Na kulikuwa na kitu kingine kilichompoza zaidi, ambacho hakumwambia mtu: alijua kwamba miaka minne ijayo na mkewe atakatwa vilevile, mstari wa nne, tarakimu yake. Wazo hilo, Mungu amsamehe, lilimpa usingizi.

*

Mwaka wa nne, alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa shingoni, upande mmoja umeshanyolewa, redio ikisoma bajeti. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Bei ya mafuta, ushuru wa magari, sijui ruzuku ya nini. Kisha mtangazaji akafafanua kipengele kimoja: serikali inapendekeza kwamba kila atakayestaafu kuanzia mwaka mpya wa fedha apokee mafao yake yote bila kukatwa kodi ya mapato. Kiinua mgongo na pensheni ya kila mwezi, vyote.

Kinyozi alizima mashine. "Mzee Mita! Hiyo si inamhusu Sista? Anastaafu lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Basi keshaponyoka. Anachukua donge zima."

"Nyoa bwana."

"Nanyoa, lakini tulia. Unatikisika."

"Sitikisiki."

Alikuwa akitikisika. Kitu fulani kilimpanda kutoka tumboni hadi kooni, kikakaa hapo kama punje ya dawa iliyogoma kushuka. Donge zima. Akajiona amesimama pale dirishani na koti lake, na nyuma yake, kwenye foleni ile ile, mkewe anapita bila kusimamishwa. Kinyozi alipomwonyesha kisogo chake kwenye kioo kidogo, Mita hakuona kisogo. Aliona mdomo wake mwenyewe umekunjamana.

Saa kumi Sista alirudi kutoka zamu. Safari hii hakuvua viatu. Aliingia moja kwa moja hadi alipokaa mumewe, mkoba ukiwa bado begani.

"Baba watoto, umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Kodi! Wanaondoa kodi ya mafao! Wodi nzima leo ilikuwa vigelegele, hadi wazazi wakadhani kuna aliyezaa mapacha watatu. Hukusikiliza redio?"

"Redio betri zimekwisha."

Sista aliitazama redio. Ilikuwa ikiimba kwa sauti ya chini juu ya kabati.

"Hayo ni mapendekezo," Mita akasema upesi. "Mapendekezo hayanunui bati. Wakikaa wabunge pale wakaligeuza, utasemaje?"

"Nitasema walikuwa wametupa moyo." Akavua viatu sasa, kimoja kimoja. "Ungefurahi kidogo tu, baba watoto. Hata kwa kujilazimisha."

"Nimefurahi," alisema Mita.

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuchungulia. Mkewe akiongea na simu, alipunguza mwendo mlangoni. Mkewe akicheka peke yake jikoni, alitaka kujua anachekea nini. Akiwa na wastaafu wenzake alianza kuuliza kila mmoja alistaafu lini, na aliyestaafu kabla yake alimpenda papo hapo, na aliyekaribia kustaafu alimchukia bila sababu. Aliuonea wivu hata mwaka wa kuzaliwa wa mkewe. Miaka minne tu! Wangekutana yeye akiwa mdogo na mkewe mkubwa, leo angekuwa yeye anayeingia na mkoba begani.

Siku moja, Sista akiwa kazini, Mita alifungua droo yake kutafuta sindano ya kushonea kifungo. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Chini ya leso alikuta karatasi ya chuo cha udereva. Saa za mafunzo, ada, picha ya gari jekundu lenye herufi kubwa mgongoni. Pembeni, kwa mwandiko wa mkewe, palikuwa na maneno mawili: "Gari dogo."

Alikaa kitandani. Miaka thelathini na sita alitembea yeye. Visigino vilivyopasuka ni vyake, mbwa waliomng'ata ni watatu, mji huu hakuna mtu anayeujua kwa unyayo kama yeye. Na sasa atakayeendesha ni mkewe, kwa hela ambazo hazikukatwa, naye atakaa kushoto kama mzigo, watu wakipunga mkono: Sista, Sista!

Ile roho ya kwa nini ikamjaa pomoni. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi?

*

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mji: kamati ya bunge inakuja kukusanya maoni ya wananchi juu ya muswada wa kodi, yeyote anaweza kufika na kuzungumza. Mita alilisoma mara mbili, akaandika tarehe kwenye kiganja. Kwa siku tatu, mkewe akishatoka, aliketi mezani na kalamu. Mwandiko wake ulikuwa safi, herufi zimesimama kama namba za mita. Akajaza kurasa tatu.

Asubuhi yenyewe alivaa koti.

"Unakwenda wapi na joto hili?" Sista aliuliza, akifunga mkanda wa sare yake.

"Kung'oa jino."

"Jino gani? Hukuniambia lina shida."

"La nyuma huku. Limenisumbua muda."

"Pole. Usile karanga basi."

Ukumbi wa mji ulikuwa na viti vya plastiki na feni moja iliyolia kila ilipomaliza mzunguko. Wabunge watano walikaa mbele, chupa za maji mbele yao, katikati akiwa mwenyekiti, mama wa makamo mwenye sauti ya upole na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Wakazungumza watu wa benki. Akazungumza mhasibu mmoja hadi watu wakasinzia. Kisha karani wa kamati akasoma jina la Mita kwenye orodha, naye akasimama, akakohoa, akafungua kurasa zake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni mstaafu. Naupinga msamaha huu."

Waliokuwa wakisinzia waliamka. Hakuna mtu aliyekuwa amepinga tangu asubuhi.

"Msamaha huu unawagawa wazee," alisoma. "Mimi na mwenzangu tumefanya kazi ile ile, tumelipa kodi ile ile kila mwezi. Mimi nimetoka jana, yeye anatoka kesho. Mimi nimekatwa, yeye hakatwi. Haki iko wapi? Mgongo wangu mimi haukuuma?"

Watu wachache waliguna kukubali. Hadi hapo maneno yake yalikuwa na uzito, na mwenyekiti alikuwa akiandika.

"Kwa hiyo, mzee," mwenyekiti aliuliza, "unapendekeza msamaha urudi nyuma, uwafikie na ninyi mliokwisha kukatwa?"

"Ndiyo."

"Hazina wametuambia hawana fedha ya kurudisha. Tukishindwa hapo, ushauri wako ni upi?"

Hilo halikuwa kwenye kurasa zake. Angeweza kusema hata kidogo kitawafaa, angeweza kusema basi muanze na wazee zaidi. Badala yake ile punje ya kooni ikapanda ikawa neno.

"Kama hauwezi kurudi nyuma, basi usiende mbele. Wakatwe na wao."

Feni ikalia. Mbunge mmoja akamwinamia mwenzake. Mwenyekiti alishusha miwani, akamtazama Mita bila hasira, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyemwaga wino.

"Mzee wangu, nyumbani kwako hakuna anayekaribia kustaafu?"

"Hakuna," alisema Mita, akaketi.

Alikuwa bado anakunja kurasa zake karani alipoita mwakilishi wa wauguzi wa hospitali. Nyuma ya ukumbi kiti kilisogezwa. Kisha Mita akasikia viatu. Vilikuwa vya soli ya mpira, kile cha mguu wa kulia kilitoa mlio kidogo kila kilipokanyaga. Alikuwa amevisikia vikiingia nyumbani kwake kila saa kumi kwa miaka na miaka. Wauguzi walikuwa wamekuja na gari la hospitali, wakachelewa, wakaketi safu ya mwisho. Hakugeuka. Sista alimpita kwenye njia ya katikati, akasimama mbele, sare yake imepigwa pasi, karatasi moja mkononi.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni mkunga, nina miaka thelathini na nne kazini. Wauguzi wa hospitali yetu tunaunga mkono msamaha huu. Tuna ombi moja la nyongeza." Akaitazama karatasi yake, na kwa muda ilionekana kama ataikunja. "Nitalisoma kama nilivyoliandika jana. 'Mimi mwenyewe nina mume aliyestaafu miaka minne iliyopita, baada ya kutembea kwa miguu maisha yake yote kusoma mita za maji. Alikatwa, na ujenzi wake ukasimama. Hajawahi kulalamika hadharani hata siku moja. Tunaomba watu kama yeye nao wafikiriwe, hata kama ni kwa pensheni ya mwezi tu.'"

Katikati ya ukumbi mtu mmoja aliyewajua wote wawili alicheka kicheko cha puani, kisha akajifanya anakohoa. Wengine hawakujua kitu. Wakapiga makofi. Wabunge nao wakapiga.

Mita alitamani ardhi ipasuke. Lakini nikisema aibu ndiyo iliyomjaa peke yake nitakuwa nimempamba. Aibu ilikuja kwanza. Nyuma yake tu, kabla makofi hayajakwisha, ukaja wivu uleule: yeye kurasa tatu na hakuna aliyepiga hata kofi moja, mkewe karatasi moja na ukumbi mzima. Hata kwa wema amenishinda, aliwaza. Hata kwa wema!

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mkewe nyuma kidogo. Walipofika kwenye kona ya duka la vyuma, Sista alimfikia.

"Jino limetoka?"

"Halijatoka."

"Ndiyo maana bado linakuuma," alisema, akampita.

*

Hakumpigia kelele. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa, nguo zake zilifuliwa, maji ya kuoga yalikuwepo. Ila kitu kimoja Sista alikiacha. Kila siku, tangu walipooana, alikuwa na desturi ya kurudi saa kumi, kukaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, na kumsimulia mumewe habari za wodini: nani kajifungua, mume gani kazimia, mtoto gani katoka ameshika kitovu chake kama mkanda wa basi. Mita alijifanya hasikilizi, akisoma gazeti. Sasa Sista alikaa kiti kile kile, akanyoosha miguu, akatazama nje. Hakusema kitu. Wiki ya kwanza Mita aliona ni nafuu. Wiki ya pili alijikuta saa tisa na nusu anatazama saa. Wiki ya tatu alimuuliza, "Wodini kukoje?" Akajibiwa, "Kuko salama."

Binti yao wa kwanza, ambaye alikuwa mwalimu katika mji mwingine, alikuja Jumamosi moja. Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ukuta wa kile chumba kisicho na paa, anang'oa nyasi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukusema unakuja?"

"Baba, ni kweli ulisimama mbele ya wabunge ukasema Mama akatwe?"

Mita aling'oa nyasi nyingine. "Sikumtaja mama yako."

"Ulisema nyumbani kwako hakuna mtu."

Mita alipangusa mikono kwenye suruali, akatazama vidole vyake kimoja baada ya kingine.

"Nina wivu, mwanangu," akasema. Neno lilimtoka kwa shida kama msumari kwenye mbao ngumu. "Ndiyo hivyo. Namwonea wivu mama yako. Nikisikia watu wanamwita barabarani, naona wivu. Akicheka, naona wivu. Nimezoea kuwa mbele, na sasa nimekuwa nyuma, na sijui watu wa nyuma wanaishi vipi."

"Kwa hiyo si hela?"

Mita alifikiri. Alikuwa mtu wa namba, hakupenda kusema uongo mara mbili kwa jambo moja. "Na hela pia," alisema.

Binti alijizuia kucheka, akashindwa. Kisha akasema kwa upole, "Hukupaswa kuniambia mimi. Kamwambie yeye."

Alimwambia kesho yake, baada ya chai ya asubuhi, vikombe vikiwa bado mezani. Alisema vibaya, akirukaruka, akianza na kodi na kuishia na miwani. Sista alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Baba watoto, unadhani unanipa habari mpya? Wivu wako nimeishi nao miaka thelathini na mitatu. Kila mwisho wa mwezi si ulikuwa unaniuliza nimepata ngapi?"

"Nilikuwa nauliza tu."

"Nami nilikuwa napunguza tu."

Mita alitua kikombe. "Unapunguza nini?"

"Mshahara. Tangu nilipopandishwa kuwa msimamizi wa wodi nilikuzidi. Posho za zamu na za kuitwa ghafla sikuwahi kukutajia hata moja. Wewe ulidhani ada za watoto zilitosha vipi? Kwa posho yako ya viatu?"

"Miaka yote hiyo?"

"Kumi na tisa. Nilipenda kukuona unakula vizuri." Alianza kukusanya vikombe. "Lakini siku ile ukumbini nilikaa nyuma nikakusikia kwa masikio yangu. Uliposema hakuna mtu nyumbani kwako, nilitaka kuichana ile karatasi. Niliisoma kwa sababu wauguzi wenzangu walikuwa wananitazama. Usidhani ni wema."

"Nisamehe, mama watoto."

"Nimekusamehe. Ila sikiliza. Kwenye hela zangu nilikuwa nimepanga kukuezekea kile chumba. Nilitaka kukushtukiza. Sasa sitaezeka. Ulisema kama hauwezi kurudi nyuma, usiende mbele. Basi hakiendi mbele."

Ilimuuma Mita, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alijua kabisa kwamba maumivu hayo ni ya kwake mwenyewe, hakuletewa na mtu.

*

Muswada ulipita, na haukurudi nyuma hata kwa siku moja. Mwezi wa tisa wakunga walimfanyia Sista sherehe kwenye korido ya wodi, kwa sauti ya chini ili watoto wasiamke. Barua yake ilipotoka, Mita aliomba aishike. Ilikuwa na mistari minne tu. Aliutafuta ule wa kodi kwa kidole, juu hadi chini, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, na hakuuona. Roho ikamruka. Akaikunja barua vizuri, akasema, "Hongera, mama watoto." Neno lilitoka zima. Mkewe alimtazama kuona kama limetoka kwa hiari, akaridhika kiasi.

Sista alianguka mtihani wa kwanza wa udereva kwa kugonga pipa, akafaulu wa pili. Akanunua gari dogo la buluu, la mkono wa pili, lenye mlango mmoja uliokataa kufunguka kwa nje. Mita alikaa kushoto. Watu walipunga mkono, "Sista! Sista!", na kila mkono ulimchoma. Lakini saa kumi mkewe alikuwa anasimulia tena, safari hii habari za barabarani na za wanafunzi wa ukunga wanaompigia simu kuuliza mambo, na Mita aliacha kujificha nyuma ya gazeti. Chumba cha tatu alikiezeka mwenyewe mwaka uliofuata, kwa kodi ya vile viwili, bati moja moja. Sista alichangia misumari, akamwambia asimtangazie mtu.

Ile karatasi ya mkewe aliiomba, akaenda nayo kwenye chama cha wastaafu. Akaandika upya ombi lake, ukurasa mmoja safari hii: kama kiinua mgongo hakirudi, basi walau pensheni ya mwezi ya waliokatwa zamani isikatwe kodi. Wakalituma. Wakalituma tena. Baada ya miaka miwili lilijibiwa nusu: pensheni ya mwezi haitakatwa kodi tena kwa mstaafu yeyote aliyefikisha miaka sabini.

Mita alikuwa na sitini na sita.

Siku barua hiyo iliposomwa chamani, wazee walishikana mikono, wakampongeza Mita kwa mwandiko wake. Karibu naye alikaa mzee wa posta, mwenye miaka sabini na miwili, mgongo umepinda, meno mawili. Mzee huyo aliinuka akarusha kofia juu kama kijana. Mita alimtazama, na akaisikia ile punje ikipanda kooni, polepole, kama mgeni anayeijua njia.

Sista alikuja kumchukua na gari. Walipokuwa wameshaacha barabara kubwa, Mita alisema, "Mama watoto, leo nimemwonea wivu mtu kwa sababu ni mzee kuliko mimi."

"Nani?"

"Yule wa posta. Ana meno mawili. Nimemwonea wivu hadi nikakosa raha."

Sista alicheka hadi ikabidi asimamishe gari kando, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, mabega yakitikisika. Mita alijaribu kununa. Uso haukumtii, akaanza kucheka naye.

"Miaka minne tu, baba watoto," alisema Sista, akifuta machozi kwa pindo la kitenge. "Endelea kula chumvi, utafika."

Akachungulia kioo, akawasha taa ya pembeni, akaingia tena barabarani. Binti yao alikuwa anafika na basi la saa kumi na moja, na walikuwa wameshachelewa.